Mpira Uliopinda Kulia Huko Ludara

Mpendwa baba mkwe,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia habari nzito: Jumamosi iliyopita, hapa Arua, mpira wangu wa gofu ulipinda kulia tena na kuvuka barabara. Wenzangu walisimama kama waliofiwa. Mimi nikaikagua fimbo, kana kwamba kosa limeandikwa juu yake.

Tangu tukuzike sina wa kumuuliza. Wewe ulikata majani ya uwanja ule miaka ishirini, ukaona wapigaji wengi kuliko sisi wote. Kisha mwaka wa sabini na tatu, Wazungu na Wahindi wenye fimbo walipokwisha kuondoka, tukazirithi sisi makarani, vitambi na yote. Kila Jumamosi nilikuwa huko, hadi Halima akachoka, akafunga mzigo na kurudi kwako Ludara.

Wiki ya tatu nikapanda lori kumfuata, na sukari na sabuni kama ipasavyo. Ulikuwa umeagiza nije na fimbo pia. Ulisikiliza kesi yote, ukauliza kama mpira umenyooka. Nikasema bado. Ukasema mwanamume anayetoka nyumbani kila Jumamosi kujifunza jambo moja, na bado halijui, huyo hajifunzi, anakimbia nyumba. Nipige mmoja ulionyooka hapo nyuma ya nyumba, ndipo Halima arudi nami.

Nikapiga. Ukaenda kulia. Hukunitazama, ulimgeukia binti yako.

“Mwambie bwana yako, yeye iko nakata majani. Mkono ya kulia iko na nguvu sana.”

Ilikuwa kweli. Nimekua na slasha, lile fyekeo la majani, mkononi, nikifyeka kutoka nje na kuvuta kuelekea mguu wa kushoto. Mpira nao nilikuwa naufyeka ubavuni, unazunguka na kukimbilia kulia.

“Baba, si uko hapa?” Halima akasema. “Mushike mwenyewe.”

“Mkwe hashikwi mkono. Ni adabu. Shika wewe.”

Akaja, uso kama wa mtu aliyetumwa kukamata kuku wa jirani. Akakigeuza kiganja changu cha kushoto mpaka vifundo viwili vya vidole vikaonekana juu, akakibana kiwiko cha kulia mbavuni. Mikono yake ilinuka vitunguu. “Legeza,” akasema. Neno la kwanza kwangu kwa wiki tatu.

Sasa nieleze jambo hili. Mwezi uliopita Rajabu, aliyemwoa dada yake Halima, aliniambia kwamba yeye ulipomfundisha ulimshika viganja mwenyewe, kutwa nzima. Adabu ilikuwa wapi siku hiyo? Nimemuuliza Halima. Ameendelea kuchagua maharage, akasema nikuulize wewe. Basi nakuuliza.

Na kwa kuwa nadai ukweli, nitoe na wangu. Klabuni wote wanajua kwamba siku ile, nilipopiga mara ya pili, mpira ulinyooka. Haukunyooka. Ulianza vizuri, ukapinda, ukapotelea kwenye mihogo ya jirani. Halima akacheka, akaja tuutafute pamoja. Tukautafuta muda mrefu, maana nilikuwa nimeukanyaga kwa kiatu tangu mwanzo, na sikusema. Tuliporudi mikono mitupu, mzigo wake ulikuwa mlangoni, umefungwa kamba. Hukuuliza mpira umeanguka wapi.

Nakuaga, Baba.

Mkweo,
bwana wa Halima