Dawa Iliyoacha Kunuka

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Naomba barua hii iwakute wazima, na lile jino lililokuwa likimliza mdogo liwe limeshatoka. Mimi mwili hauna neno. Moyo siusemei.

Picha ya marehemu Mama uliyoomba haijawa tayari, na Baba ni mgonjwa. Nimeyasema yote mawili kwa mpigo kwa sababu yamefungamana, na kwa sababu nakujua, ungeruka mistari kuyatafuta. Usijilaumu. Hata usingeomba wewe, angekuwa anachapa ya mtu mwingine.

Kazi yake ya kuchapa picha kwa mkono unaikumbuka, ingawa ulikuwa ukiikimbia. Karatasi lazima ipakwe jelatini kwanza, la sivyo rangi inazama ndani na uso wa mtu unatoka kama umepakwa masizi. Na jelatini yenyewe lazima ikazwe kwa dawa ya fomalini, maana picha za Baba huoshwa mara nyingi, rangi juu ya rangi, na jelatini isiyokazwa huyeyuka majini ikaondoka na kila kitu. Sisi tulikua tukiijua harufu ya fomalini kuliko ya manukato. Inachoma pua mpaka machozi yanatoka.

Dirisha la chumba chake, kama ujuavyo, linatazamana na karakana ya mbao. Vumbi la randa likitua kwenye karatasi mbichi haling'oki, kwa hiyo alikuwa akifunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia. Kanuni yake ilikuwa moja: pua ikianza kuwaka, toka nje upunge hewa. Pua ndiyo ilikuwa kipimo chake maisha yote.

Mwaka huu akaanza kulalamika kwamba dawa haina nguvu. Akamwendea muuza dawa na kumwambia mbele ya wateja kwamba anaichakachua kwa maji. Muuza dawa, mpole wa watu, akamfungulia chupa mpya palepale. Baba akainusa, akasema hata hiyo ni maji. Mwenye duka akawa anafuta machozi, na Baba akarudi nyumbani na majuto, akidhani amemliza kwa maneno makali. Tulicheka sana siku ile, Kaka. Nikikumbuka kicheko chetu natamani ardhi inimeze.

Basi akawa anazidisha kipimo. Kumbe dawa ilikuwa ileile. Pua ndiyo iliyokufa.

Aliyegundua ni Mama Mdogo. Alimpelekea chai, akafungua mlango, akarudi nyuma akikohoa na sinia likamponyoka. Baba alikuwa ameinama juu ya beseni, anapitisha kwenye dawa karatasi ya picha ya Mama, ile aliyokaa kwenye cherehani. Akamuuliza shemeji yake kwa nini anavunja vikombe. Jioni ileile pumzi ikamkatika tukamkimbiza hospitali.

Daktari amesema njia za hewa zimeungua na mapafu yamechakaa, na chumba kile asikikanyage tena. Hakusema ana muda gani, nami sikuuliza. Sasa yuko nyumbani, analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Akitoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika kama aliyebeba gunia la saruji.

Unadhani alisikia? Siku ya kwanza tu nilimkuta ameshika kitasa cha chumba. Nilipomzuia alinijia juu, kwa sauti isiyotoka, na hiyo iliniuma kuliko kama angepiga kelele. Mama Mdogo akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwomba msemo huo asiurudie humu ndani.

Rafiki wa Baba, Mzee Lenzi, ndiye aliyenifundisha njia nyingine. Unatumia shabu ya kromu, ile chumvi ya zambarau, badala ya fomalini. Unavaa glavu, unaimimina kidogo kidogo kwenye jelatini yenye joto huku unakoroga, ukiharakisha inaganda mabonge. Haitoi moshi wa kuua mtu. Karatasi inabaki na kivuli cha kijani, ndiyo maana Baba huiita karatasi ya wavivu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa hata nimepanga kukuomba umwandikie, maana wewe anakusikiliza.

Jana nilipanga vitu vyangu barazani, kwenye hewa, nikamwekea kiti. Nikapaka karatasi ya kwanza na kuianika kwenye kamba. Karakana ikawasha mashine, na vumbi likaja moja kwa moja likatua juu yake. Karatasi ya namna hiyo, Baba tuliyemjua angeichana kabla hujamaliza kupumua. Nikanyoosha mkono kuitoa.

"Iache," akasema. "Mama yako hakuwa mtu wa kuogopa vumbi."

Kisha akatoa ufunguo wa chumba mfukoni, akauweka juu ya meza yangu, kati ya brashi na bakuli. "Kaa nao wewe, mwanangu. Kijani chako hakina ubaya."

Kaka, nilitaka akubali. Nimeomba akubali, nimelia akubali. Sasa amekubali bila ubishi, na usingizi umenikimbia. Hajawahi kumkubalia mtu kitu maishani mwake.

Usiingoje picha. Njoo umwone yeye.

Mama Mdogo anakusalimu. Mzee Lenzi naye, anasema bado ana deni la kukupiga picha usiyofumba macho. Mbusu wifi kwa niaba yangu, na watoto waambie shangazi yao anawawaza. Mungu akunyooshee njia, na akuwahishe.

Mdogo wako, nikupendaye daima,

Kiherehere