R ya Mutie Imemnyamazisha Mama

Soko la Kasikeu,
Makueni.
16 Novemba 2025

Dada Kasyoka, Mutie amesema R! Amesema mpaka nimeruka!

Ngoja basi nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Mpendwa dada yangu, hujambo huko Kisumu? Mgongo umepoa? Sisi tuko wazima, mvua imekuja na ndengu zimeota vizuri.

Unakumbuka wale waliosema mtoto wangu ulimi umefungwa, eti akatwe chini yake? Mwalimu Wamaitha aliniambia niwache wasiwasi. R huchelewa kwa watoto wengi, na huyu ana Kikamba cha nyumbani, ambacho hakina R, halafu Kiswahili na Kiingereza cha shule. Akawa anawachezesha kunguruma kama pikipiki inapanda mlima. Sasa darasa lote la chekechea, hiyo PP2, hakuna mwenye R ya kumfikia wangu. Sijisifu, ni ukweli.

Lakini hiyo R imeniletea huzuni, dada.

Mama alikuwa amekuja kukaa nasi. Jumapili moja akina mama wa kanisa wakaja kunywa chai, naye akamwambia mjukuu wake, "Mutie, nipe sukali." Kijana akasimama katikati ya nyumba. "Susu, si sukali! Ni sukarrri! Sema rrr!"

Wageni wakacheka. Na mimi nikapiga makofi. Nikapiga makofi, dada!

Mama akajitetea, "Na huyo mwalimu wenu Mkikuyu, asiye na L, si anakula ugari?" Wakacheka zaidi. Mutie akamwandama, "Jaribu, Susu! Rrr!" Akajaribu. Ikatoka L. Akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Kesho yake akarudi zake Mbooni. Tangu hapo Mutie akimpigia simu, anajibu "mm", "haya", basi. Yeye aliyekuwa akimsimulia hadithi mpaka chakula kinapoa! Juzi mtoto ameniuliza, "Mama, Susu aliwacha maneno yake hapa kwetu?"

Nimeomba msamaha kwa simu, akasema hakuna neno. Lakini bado haongei na Mutie kama zamani. Na hiyo L si sote tulinyonya kwake? Hata wewe ukikasirika unasema "balabala". Siku ile ningesema tu, "Mutie, hata mimi nasema sukali."

Kwa hivyo nataka twende kwake sote. Nitamwomba msamaha mbele ya watoto, kwa Kikamba, na Mutie nimeshamwambia siku hiyo mwalimu ni Susu. Mpigie wewe umwambie asitoke nyumbani. Wewe huwa anakusikia.

Nisalimie shemeji Kyule, na wanao, Kanyiva na kaka yake Musyimi. Mungu awafunike njiani. Tunawangoja Mbooni, kwa Mama, siku ya Jamhuri, Ijumaa tarehe kumi na mbili Disemba.

Mdogo wako akupendaye sana,
Katunge, Mama Mutie