Kasereka Wawili

Yaya Kasereka, kaka yangu wa kazini,

Kiti chako hapa ofisini kimewekwa printa. Nilikasirika, kisha nikaona sina haki ya kumkasirikia mtu. Nimekukosea, na sijui nani mwingine nimwambie.

Unakumbuka nilivyofika Butembo, najidai najua kompyuta? Ukanipa orodha ya waliouawa huko Beni. Mtaa wa Mulekera umeandikwa kwa namna nne, tarehe zimechanganyika na umri, miezi imetandazwa kushoto hadi kulia. Ukanionyesha jinsi ya kuigeuza ile miezi ishuke chini, mstari mmoja mtu mmoja, ndipo programu ikubali kuchora grafu. Nilipotaka kufuta majina yaliyojirudia, ulinishika mkono. Kila nyumba ya Wanande ina Kasereka wake, ndilo jina la mvulana wa tatu. Ukasema, “Usifute mutu mbele ya kujua mama yake.” Nikacheka. Nikakuita babu.

Halafu ukaenda Mulekera kuuliza kama Masika wawili wa kwenye orodha ni mtu mmoja, maana simu hazikupita. Hukurudi. Gari lenu lilishambuliwa njiani.

Orodha ya mwezi ule niliisafisha mimi. Mkutano ulikuwa unangoja grafu, na macho yangu yalikuwa yamejaa machozi. Kasereka, mwanaume, njia ya Beni, tarehe ileile, mara mbili. Safu ya mama ilikuwa tupu. Nikadhani ni wewe umeandikwa mara mbili, nikabonyeza kufuta mstari mmoja. Sikumpigia mtu hata mmoja, yaya. Mkutanoni hakuna aliyeuliza lolote.

Parokia ikaomba orodha hiyohiyo kwa misa ya marehemu. Jina likisomwa, ndugu anasimama kupokea mshumaa. Likasomwa Kasereka, mara moja tu. Wakasimama wawili: Kavira, mke wako, na mama mmoja mzee aliyetoka Alimbongo, ambaye mwanawe, Kasereka pia, alikuwa ndani ya gari lenu. Walitazamana. Katekista alikuwa na mshumaa mmoja mkononi. Kavira akamwambia yule mama, “Twala, mama, ni wako,” akakaa chini.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilijua papo hapo, na sikusimama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kubonyeza.

Kesho yake nilikwenda kwa Kavira nikamweleza yote. Akasema, “Mais, lakini yeye alikufundisha.” Afadhali angenitukana.

Nimekurudisha. Nguzo ya mwezi ule kwenye grafu imepanda kidogo sana, mgeni hawezi kuona. Masika nao niliwaulizia: walikuwa wawili, kama ulivyodhani. Sasa sifuti mtu kabla ya kupiga simu, na mkubwa wetu analalamika kwamba nachelewesha grafu. Alalamike tu.

Misa ijayo nitasimama na Kavira, akikubali. Nimewaandikia parokia kwa mkono wangu, na jina la mama yako sasa lipo: Kasereka, mwana wa Katungu.

Pumzika, yaya.

Kahindo