Viganja na kamba ya pakacha

Jumatano, baada ya Magharibi

Na bado Salma, ninayekaa naye dawati moja, anasema nimebahatisha. Sikubahatisha.

Mwalimu wa fizikia aliuliza: pakacha la karafuu likishushwa polepole kwa kamba, nishati liliyokuwa nayo juu inakwenda wapi, maana kasi haiongezeki? Mimi ndiye niliyemshushia baba mapakacha msimu mzima, yeye juu ya mkarafuu, mimi chini, kamba iliyopitishwa juu ya tawi ikinipita mikononi mpaka ngozi ikababuka.

Nikasema, "Inageuka joto, Mwalimu. Mimi imeniunguza."

Akaniita mbele niwaonyeshe viganja. Hivi hivi vyenye makovu, ambavyo tangu nianze sekondari navificha ndani ya mtandio.

Mtihani wa fizikia bado nauogopa. Lakini leo nimerudi nyumbani njia nzima mikono iko nje.