Mbili Zinatoka, Tatu Zinaingia

Oran, 14 Oktoba 1986

Mjomba wangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumaini u mzima, na goti la mkaza-mjomba Zhor limetulia. Mimi mwili sijambo, kichwa ndicho kigonjwa.

Umekwisha kusikia: nimefeli somo la joto mara mbili. Nikianguka tena Januari, chuo kinanifungia mlango. Na kinachoniangusha ni neno moja, entropia. Profesa anaandika ubaoni, anageuka, anasema, "Ni wazi." Sote tunaitikia, "Ni wazi!" Tukitoka nje tunaulizana, "Wewe umeelewa?" Hakuna.

Wanasema entropia ni mchafuko, na mchafuko huongezeka daima. Houaria, mwenzangu wa chumbani, akiona nguo zangu sakafuni hucheka: "Nouria, entropia yako imepanda!" Haya. Lakini maji nikiyatia kwenye friji yanajipanga yenyewe yakawa barafu, kila chembe mahali pake. Mchafuko umepungua! Sheria ni ya uongo, au mimi ndiye mjinga? Wewe umeifundisha fizikia nusu ya Tlemcen. Niokoe.

Mpwa wako,
Nouria

*

Tlemcen, 23 Oktoba 1986

Mpwa wangu Nouria,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima. Goti la Zhor linalalamika kuliko mwenyewe, na hilo si jambo dogo. Majirani nao wameniletea watoto wao wa mtihani wa bakaloria, basi kila Alhamisi sebule yetu haina pa kukanyaga.

Kwanza lifukuze hilo neno mchafuko, limewapoteza wengi. Chukua chupa, tia maharage mekundu chini, meupe juu. Tikisa. Yatachanganyika, na hata utikise mpaka uwe ajuza, hayatarudi yalivyokuwa. Kwa nini? Hakuna jini anayeyachanganya. Ni kwamba namna za kukaa yametengana ni chache mno, na namna za kukaa yamechanganyika hazihesabiki. Entropia ni kipimo cha wingi wa hizo namna. Basi.

Na barafu? Peleka mkono nyuma ya friji. Si kuna joto? Ndilo lililotolewa kwenye maji likamwagwa jikoni, pamoja na la mota. Maji yamepungukiwa namna zake, lakini jikoni pamezidishiwa zaidi ya hizo. Wewe umehesabu maji ukasahau jikoni, msichana mvivu!

Mjomba wako,
Ghaouti

*

Oran, 9 Novemba 1986

Mjomba mpenzi,

Salaam nyingi. Huku mvua na mafua, Houaria kikohozi kimempa sauti ya dume.

Maharage nimeyaelewa, nikatembea siku nzima nimenyoosha shingo. Kisha profesa akaleta jipya: tunachukua joto, tunaligawanya kwa halijoto. Kwa nini tugawanye? Joto ni lile lile, iweje lihesabiwe kwa namna moja kwenye kitu cha moto na kwa namna nyingine kwenye cha baridi? Nikamuuliza. Akanijibu, "Ndiyo fasili yake, binti. Kaa."

Nimekaa, lakini giza ni lile lile.

Mpwa wako,
Nouria

*

Tlemcen, 30 Novemba 1986

Mpwa wangu,

Sisi wazima, alhamdulillahi. Nisalimie sana dada yangu Kheira. Mwulize mbona kaninyamazia, au bado amenuna kwa yale maneno ya Idi?

Swali lako ni zuri. Fikiria chumvi. Una chungu cha maji ya zeituni, makali ya chumvi, na una supu isiyo na kitu. Gao moja la chumvi, ujazo wa kiganja, likitiwa kwenye maji ya zeituni hubadilisha mambo sana, likitiwa kwenye supu halitambuliki. Na joto ni hivyo hivyo. Kitu cha moto kinalisikia sana, cha baridi hakilisikii. Kwa hiyo joto likitoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, wa moto hupoteza entropia nyingi, wa baridi hupata kidogo. Tazama ilivyo nyepesi!

Mjomba wako,
Ghaouti

*

Oran, 18 Desemba 1986

Mjomba mpenzi,

Shikamoo yangu ikufikie, na mkaza-mjomba pia.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nimepiga hesabu kama ulivyosema. Joto mia sita, wa moto ana halijoto ya mia tatu, wa baridi ana mia mbili. Nikigawanya, napata mbili na tatu. Wewe umesema wa moto ndiye anayepoteza nyingi, basi tatu zinatoka na mbili zinaingia. Jumla imepungua! Hapo barafu ingeweza kuchemsha chai. Nimekosea wapi? Nimerudia mpaka Houaria kaninyang'anya kalamu.

Na jingine, mjomba. Umemsalimu mama. Uliandika kwa haraka? Mama tulimzika pamoja, na aliyeingia kaburini kumpokea ni wewe.

Mpwa wako,
Nouria

*

Tlemcen, 27 Desemba 1986

Nouria,

Mimi nilikuwa nafundisha kabla hujaota meno. Usinisahihishe kama mtoto.

Entropia ni rahisi. Chukua chupa, tia maharage mekundu chini, meupe juu. Tikisa. Hakuna jini anayeyachanganya. Sijui kwa nini hukuniuliza hili tangu mwanzo.

Msalimie mama yako.

Ghaouti

*

Oran, 6 Februari 1987

Mjomba mpenzi,

Assalamu alaykum. Nisamehe kwa kimya. Kulikuwa na mtihani, na tena sikujua niandike nini.

Usiku ule wa barua yako nilijiona mjinga wa wajinga. Asubuhi nikanunua zeituni sokoni, nikachemsha supu isiyo na chumvi, nikatia chumvi gao kwa gao. Houaria alionja, akakunja uso: "Supu ndiyo iliyobadilika. Hayo maji ya zeituni hayana habari." Nikasimama na kijiko mkononi. Wa baridi ndiye anayelisikia joto, mjomba! Wa moto tayari analo tele, ukimchukulia kidogo hashtuki. Mbili zinatoka, tatu zinaingia. Jumla inapanda, ndiyo maana joto halirudi. Kosa halikuwa langu.

Ungedhani nilifurahi. Nililia mpaka supu ikapoa.

Swali hilo hilo lilikuja mtihanini. Nimefaulu. Lakini sina raha, kwa sababu najiuliza: Alhamisi, watoto wale wanasikia nini kutoka kwako? Niambie nimekuvunjia heshima, nitakubali. Ila usininyamazie.

Mpwa wako,
Nouria

*

Tlemcen, 20 Februari 1987

Mpwa wangu Nouria,

Hongera. Zhor amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Leo kichwa changu kina mwanga, kwa hiyo naandika upesi. Zhor amenisomea barua zako zote. Akaniambia pia habari za Kheira, nami nikamlilia kama kazikwa leo. Anasema si mara ya kwanza kuniambia. Daktari ana jina la ugonjwa huu, na mimi sitaki kujifunza jina jipya.

Nimefungua daftari za watoto. Wote wameandika kinyume, kwa mwandiko mzuri, na mimi nimewapigia alama nyekundu za vema. Kufa sikukuogopa, Nouria. Hilo ndilo nililoliogopa.

Njoo Alhamisi yoyote ushike chaki. Hukunivunjia heshima. Kama nitakuja kukuandikia vingine, ujue si mimi niliyeandika.

Mjomba wako,
Ghaouti

*

Oran, 15 Machi 1987

Mjomba mpenzi,

Assalamu alaykum. Nimefika salama, na keki za mkaza-mjomba zimekwisha kabla sijafungua begi vizuri, shauri ya Houaria.

Nakuandikia yaliyotokea Alhamisi, ili kama kichwani hayapo, yawepo kwenye karatasi.

Watoto walipokaa, ulisimama. Ulivaa lile koti lako la shuleni. Ukasema, "Niliwafundisha kinyume. Futeni." Mmoja akacheka akidhani ni mzaha, ukamwambia, "Futa, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea, si wewe." Kisha ukanipa chaki, ukaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nikawafundisha. Mbili zinatoka, tatu zinaingia. Wakaelewa upesi kuliko mimi. Nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni, yule Soumia wa miwani akanyoosha mkono: "Dada, kama kila kitu kinakwenda kwenye wingi wa namna, ina maana jana palikuwa na uchache, na juzi zaidi. Sasa mwanzoni kabisa, ni nini kilichoipanga dunia yote namna ile?"

Nikabaki na chaki hewani. Sebule nzima ikageuka kukutazama wewe. Ulikuwa umeinamisha kichwa, nami nikaogopa kwamba akili yako imeshatuacha.

Kumbe unacheka. Ukasema, "Msinitazame mimi. Hilo hata nilipokuwa mzima sikulijua."

Mpwa wako,
Nouria