Meno ya Msumeno wa Baba

Jumanne, 5 Machi
Nimemaliza kupaka picha msumeno wa sita! Njia ya vumbi, nyumba mbili za mabati, mwanamke anaanika nguo, kuku watano. Kuku mmoja alitoka kama bata, basi nikamchorea kidimbwi, yaishe. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupaka. Mama wa duka la mapambo anataka mingine kumi – ya zamani tu, yenye mpini wa mbao. Nitaitoa wapi? Hii sita ilikuwa ya Baba. Alipopigwa na kiharusi mwaka jana daktari alisema mkono wa kulia basi tena, naye akahamia kwa Shangazi karibu na hospitali. Kaka ndiye aliyeniambia chukua, inaota kutu bure.

Jioni Shangazi kapiga simu. Baba kashika kikombe kwa mkono wa kulia! Nimelia kwa furaha, nimeruka jikoni kama chizi. Halafu Shangazi akacheka: eti Baba anauliza kama misumeno yake tunaipaka mafuta.

Nimekaa chini.

Alhamisi, 7 Machi
Anarudi Jumanne. Daktari kasema afanye kazi ndogondogo za mkono na aendelee na mazoezi kila Ijumaa, utafunguka. Shangazi anasema hana wimbo mwingine, ni benchi yake ya useremala tu. Anakaa kitandani anavuta na kusukuma hewa kama anayekata mbao. Nikasema tunashukuru. Sauti hata sijui ilitokea wapi.

Rangi si tatizo. Rangi inatoka kwa thina. Tatizo ni meno. Niliyasaga! Yote, kwa mashine, maana mama wa duka hataki kitu kitakachomkata mteja. Dakika tatu kila msumeno. Cheche, kwisha. Wala sikujiuliza.

Ijumaa, 8 Machi
Mitano imeshauzwa. Umebaki huu wa kuku, na ndio aliokuwa akiupenda – mpini aliuchonga mwenyewe kwa kipimo cha kiganja chake.

Nimeupeleka kwa mzee mnoaji. Hakuangalia hata picha. Kaangalia ukingo tu, pale ulipogeuka rangi kwa moto wa mashine. Chuma kimeungua, kasema, hakitashika makali tena. Wa nani? Nikasema wa jirani. Akaugeuza, akautazama mpini, akanitazama mimi.

"Huyo jirani yako namjua," akasema.

Aibu! Nimerudi kwa miguu njia nzima, uso chini.

Jumapili, 10 Machi
Tangu jana nachonga meno kwa tupa. Vidole vimechubuka. Kwa macho ni meno kabisa. Nikajaribu kwenye ubao – unateleza tu, haukwaruzi hata rangi.

Kaka kaja. Mwambie, kasema, hatakula mtu. Nikamwambia sema wewe, si wewe uliyesema nichukue? Akajibu kwamba alisema chukua, hakusema ng'oa meno. Ana haki. Ndiyo maana nilimfukuza.

Kisha nikamwaga thina. Kuku, nyumba, nguo kwenye kamba, vyote vikawa uji wa kijivu kwenye kitambaa. Nikaupaka mafuta, nikautundika kwenye msumari wake. Atauona, atatulia, nami nitapata siku mbili tatu za kutafuta maneno. Hiyo mingine nitasema nimeazimisha. Muongo mkubwa mimi.

Jumanne, 12 Machi
Kafika. Kakonda jamani, mguu anauburuta. Hakutaka hata maji, moja kwa moja hadi karakana. Kasimama pale mlangoni anautazama msumari.

"Umenitunzia, mama?" Ananiita hivyo tangu nizaliwe.

Nimesema ndiyo.

Jumatano, 13 Machi
Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Asubuhi kaka kamshika bega mpaka kwenye benchi. Mimi mlangoni na chai. Kabana ubao, kapiga mstari kwa penseli, umepinda kidogo, akaucheka mwenyewe. Halafu akapitisha kidole gumba juu ya meno, kama anavyofanya siku zote. Nikajua ndiyo basi, anajua sasa.

"Sisikii kitu," akasema. Akapitisha tena. Na alichokitazama ni kidole! Msumeno hakuutazama kabisa. Laiti angejaribu kwa mkono wa kushoto!

Akaanza. Vuta, sukuma. Unateleza. Akabadilisha miguu, akabana kiwiko, akaanza upya. Jasho linamtoka puani. Vuta, sukuma. Ubao mzima vilevile. Miaka arobaini ya kazi hajawahi kuusingizia msumeno wake, na leo hakuusingizia. Akaulaza taratibu. Kisha akaupiga mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kwa ngumi, mara mbili.

Umekufa huu, anasema. Daktari ananidanganya, na nyie mnanidanganya.

Nikafungua mdomo. "Baba, ni –" Akaniwahi. "Usinibembeleze, mama. We acha tu." Kaka akanikazia macho. Na mimi nini? Nikaweka chai chini, nikakimbilia chumbani. Mtu mzima, nimekimbia!

Nawasikia ukutani. Benchi iuzwe. Ijumaa mazoezini haendi, wala Ijumaa yoyote. Kaka anasema Baba subiri kwanza, hebu subiri. Sauti ya Baba imeshuka, simsikii vizuri.

Kaka ananiita. Baba anataka nikamfungulie vifungo vya shati la kazi. Asubuhi alivifunga mwenyewe, vyote sita, kwa mkono huohuo. Sasa anasema hauinuki.

Kaka ananiita tena.