Kimya si Karibu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku Ujerumani, na naomba Mungu barua hii ikukute umeketi barazani bila maumivu ya mgongo. Mvua imeifikia mihogo hapo Kinondo? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inanivalisha nguo zote nilizo nazo kwa pamoja.

Leo nitajivuna, kwa hivyo nivumilie.

Unajua nilikuja kwa mkataba wa majaribio, na kwamba ukiisha bila wao kuridhika nami, narudi nyumbani. Basi ulipokaribia kwisha, mashine tunazotengeneza zikaanza kusahau. Ni mashine za kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Muuguzi hupanga kiasi cha joto, na mashine hukiandika katika chipu ndogo ya kumbukumbu, ili hata stima ikikatika isisahau. Tulipozijaribu kwenye chumba cha baridi, baadhi zilizimwa, zikawashwa, zikaleta joto ambalo hakuna aliyelipanga. Bahati njema hazikuwa zimefika hospitali yoyote. Tukaambiwa hazitoki mpaka kosa lijulikane.

Wengi walizilaumu chipu. Mkubwa wangu, mama mmoja mkali lakini mwenye haki, alitaka zing'olewe zote ziletwe za aina nyingine. Mimi nikaomba kwanza niisome programu inayoisimamia chipu. Programu ya namna hiyo huitwa dereva, na usicheke, haendeshi gari wala hana leseni. Nilijua kwamba nikikosea nimejifungia virago mwenyewe.

Nikamkuta dereva hana adabu. Chipu ikiwa bado inaandika haimjibu mtu, hunyamaza mpaka imalize. Yeye alikuwa akiipa sehemu ya kwanza ya habari, anangoja kidogo tu, kisha anaisukumia ya pili bila kuuliza kama iko tayari. Siku za kawaida alibahatika. Kwenye baridi chipu ilichelewa, sehemu ya pili ikapotea, ikabaki nusu ya habari mpya na nusu ya zamani.

Nilipomweleza mkubwa wangu, alisema dereva huyo aliandikwa na watu wanaoijua kazi, na kwamba chipu isipolalamika maana yake iko tayari. Hapo nikakukumbuka ulivyokuwa ukitushika mkono mlangoni kwa shangazi tusiingie.

Nikamwambia, "Kwetu ukipiga hodi ukanyamaziwa, hujakaribishwa. Labda mwenye nyumba anaswali, labda anavaa. Kimya si karibu."

"Basi mfundishe hiyo hodi," akasema.

Nikamfundisha. Sasa dereva anauliza, anangoja ajibiwe, ndipo anaandika. Akinyamaziwa mara tatu haingii kwa nguvu, hurudi akamwita muuguzi kwa kengele. Akishaandika husoma tena kuhakikisha, na habari ya zamani haifuti mpaka mpya iwe imekaa sawa. Tukazirudisha mashine kwenye baridi, tukawa tunazikatia stima makusudi, tena na tena. Hakuna hata moja iliyosahau. Nilikwenda msalani nikalia, mama, kisha nikanawa uso nikarudi kazini.

Kipande hicho cha programu nilikiita hodi, na jina limeachwa vivyo hivyo. Wenzangu nao wakija ofisini kwangu husema "hodi" kwa lafudhi yao, ila huingia papo hapo bila kungoja karibu. Binadamu ni wagumu kuliko dereva.

Mkataba wa kudumu niliutia sahihi juzi, na mashine za kwanza zimekwisha kuondoka.

Nisalimie kaka Hamisi, na maua anayoyatunza hotelini Diani. Mpe shangazi mkono wangu, na umwambie mlango wake umefika mbali. Mwalimu wangu wa chuoni mfikishie salamu na uniombee dua yake. Jirani yetu wa mbaazi na mahamri mwambie sijapata mfano wake huku.

Na watu wakikuuliza mwanao anafanya kazi gani Ulaya, usiwaambie tena kwamba natengeneza simu. Waambie nafundisha mashine kupiga hodi, na kwamba aliyenifundisha mimi ni wewe.

Akupendaye daima,
binti yako Mwanatumu